Damu Ikimwagika: Kuua kwa Kukusudia na Kuua bila Kukusudia



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, tuanzie hapa kwetu Rapsu. Tuseme ni kiangazi, maji ya mfereji yamepungua, na vijana wawili wanabishana shambani. Mmoja anasema zamu ya maji ni yake, mwingine anasema ya kwake haijaisha. Maneno yanapanda. Mmoja anainua fimbo, ile ile anayochungia ng'ombe, na kumpiga mwenzake mara moja kichwani. Yule anaanguka. Anabebwa kwa pikipiki mpaka Kinna, na kabla ya alfajiri ameshafariki. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Huu ni mfano tu, simtaji mtu. Lakini nani kati yetu atasema hauwezi kutokea? Na tunajua pia kinachofuata. Wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mti, mifugo inahesabiwa, Fatiha inasomwa, watu wanapeana mikono. Tunasema yameisha. Halafu wiki mbili baadaye gari la polisi linaingia kijijini, kijana anatiwa pingu, na mama yake anasimama mlangoni akiuliza, "Si tumeshalipa? Sasa wanataka nini tena?"

Swali la mama huyu ni la haki, na jibu lake lina historia ndefu. Katika kurasa hizi tutajaribu kuifuata historia hiyo, inshallah, kwa sababu vijana wengi wanajua sheria ya mpira kuliko sheria ya damu.

FIQHI INAULIZA NINI?

Uislamu haukuviweka vifo vyote kwenye kapu moja. Katika Suratun Nisaa aya mbili zinafuatana. Aya ya 92 inazungumzia Muumini aliyemuua Muumini mwenzake kwa makosa: kuna diya kwa warithi na kafara juu ya muuaji. Aya ya 93 inazungumzia aliyeua makusudi, na hapo onyo lake ni la moto. Maiti ni ile ile na kaburi ni lile lile. Kilichobadilisha hukumu ni kile kilichokuwa moyoni mwa aliyeua.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayofuata wengi wetu, waligawa kuua katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kuua kwa kukusudia. Mtu anamlenga mtu, kwa chombo ambacho kwa kawaida kinaua: mkuki, panga, risasi. Hapa warithi wana haki ya kisasi kupitia kwa mtawala, si kwa mikono yao wenyewe. Wakitaka watachukua diya, na wakitaka watasamehe, kama ilivyo katika Suratul Baqarah aya ya 178. Diya hiyo inatoka kwenye mali ya muuaji mwenyewe.

Fungu la pili ni kuua kunakofanana na kukusudia. Mtu amekusudia kumpiga mwenzake, lakini kwa kitu ambacho kwa kawaida hakiui, kama bakora nyepesi au kijiwe. Hapa hakuna kisasi. Diya ni nzito, nayo inalipwa na jamaa wa upande wa baba, wanaoitwa aaqila, kwa muda wa miaka mitatu.

Fungu la tatu ni kuua kwa makosa tupu. Umelenga swala, risasi ikampata mtu. Diya ni nyepesi na jamaa ndio wanaolipa. Imam Malik yeye alikubali mafungu mawili tu, la kukusudia na la makosa.

Abu Huraira (R.A.) amepokea kisa cha wanawake wawili wa kabila la Hudhail waliogombana. Mmoja alimrushia mwenzake jiwe, akamuua yeye pamoja na mimba aliyokuwa nayo. Mtume (S.A.W.) hakuamuru mwanamke yule auawe. Alihukumu fidia kwa ajili ya mtoto aliyekuwa tumboni, na diya ya mama akaiweka juu ya jamaa wa muuaji. Kisa hiki kiko katika Bukhari na Muslim, na wanazuoni wengi wamekitumia kuthibitisha lile fungu la pili.

Na kafara je? Ni kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Wanazuoni wa Kishafi wakaiweka hata juu ya aliyeua makusudi. Leo hakuna watumwa wa kuacha huru, kwa hiyo imebaki saumu. Tafakari hapo, ewe kijana. Sisi tunafunga mwezi mmoja, tena tukisaidiana kwa daku na futari, na bado tunahesabu siku za kufika Idi. Huyu anafunga miwili, peke yake, huku wenzake wanakula mchana. Akila siku moja bila udhuru anaanza upya. Ng'ombe wa ukoo hawawezi kumfungia hata siku moja.

WAINGEREZA NAO WALIKUWA NA DIYA

Wengi wetu tunadhani diya ni jambo la Waarabu, Wasomali na Waborana peke yao. Sivyo. Uingereza ya zamani, kabla ya mwaka 1066, kila mtu alikuwa na bei ya damu yake. Katika ufalme wa Wessex mtu wa kawaida aliyeuawa alilipiwa shilingi 200, na mkubwa mwenye ardhi shilingi 1,200. Jamaa walilipa na jamaa walipokea.

Kisha wakaja Wanormani kutoka Ufaransa chini ya mfalme William. Ikawa Mnormani akikutwa ameuawa na muuaji hajulikani, wenyeji wote wa sehemu ile wanatozwa faini, mpaka wathibitishe kwamba maiti ni ya Mwingereza. Faini hiyo ilikaa mpaka mwaka 1340, na jina lake lina uhusiano wa karibu na neno ambalo Waingereza wanatumia mpaka leo kwa mauaji ya kukusudia.

Polepole wafalme waliichukua kesi ya damu mikononi mwa jamaa wakaifanya kesi ya taifa. Halafu katika miaka ya 1500 wakatenganisha wauaji. Aliyeua kwa dhamira mbaya iliyotangulia alinyongwa. Aliyeua katika ugomvi wa ghafla aliweza kuponea kwenye msamaha wa zamani wa watu wa kanisa: alipigwa chapa ya moto kwenye kidole gumba akaachiwa. Kwa hiyo nao walifika kwenye swali lile lile: ulikuwa na nini moyoni?

Sheria hiyo ilifikaje kwetu? Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya jinai ya India itumike katika nchi ambayo leo ni Kenya. Mwaka 1930 ikaondolewa, ikaja Kanuni ya Adhabu, ambayo pamoja na marekebisho mengi ndiyo tunayo mpaka leo kama Sura ya 63 ya Sheria za Kenya.

KORTI INASEMAJE LEO?

Kifungu cha 202 kinasema anayesababisha kifo cha mtu kwa tendo lisilo halali, au kwa kuacha kufanya alichotakiwa kufanya, amefanya kosa la kuua bila kukusudia. Kifungu cha 203 kinaongeza jambo moja tu: dhamira mbaya. Ikiwepo dhamira hiyo, basi ni kuua kwa kukusudia. Adhabu ya kuua bila kukusudia inaweza kufika kifungo cha maisha, lakini hakimu au jaji anaweza kutoa miaka michache, hata miezi. Adhabu ya kuua kwa kukusudia iliyoandikwa ni kifo. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, na tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Muruatetu kwamba jaji halazimiki tena kutoa hukumu ya kifo. Anaweza kusikiliza hali ya mkosaji na kutoa kifungo.

Sasa sikilizeni vizuri, vijana, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotelea. Dhamira mbaya imeelezwa katika kifungu cha 206, na si lazima uwe umetaka mtu afe. Ukikusudia kumjeruhi vibaya, naye akafa, inatosha. Ukijua kwamba tendo lako huenda likaua au kujeruhi vibaya, ukaendelea bila kujali, inatosha. Kwa hiyo yule anayesema, "Wallahi sikutaka kumuua, nilitaka tu kumvunja miguu asitembee tena," anadhani anajitetea, kumbe amekiri.

Hakuna jaji anayeweza kupasua kifua cha mtu aone moyo. Kwa hiyo anaangalia dalili. Mwaka 1945, katika kesi ya Tubere mwana wa Ochen, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka kipimo ambacho majaji wa Kenya na Uganda wanakitumia mpaka leo: silaha gani ilitumika, ilitumikaje, sehemu gani ya mwili ilipigwa, na mtuhumiwa alifanya nini kabla, wakati na baada ya tendo. Majaji wale walisema ni rahisi zaidi kuona dhamira mbaya kwa aliyetumia mkuki au kisu kuliko kwa aliyetumia fimbo. Subhanallah! Majaji wa kikoloni, ambao sidhani waliwahi kufungua kitabu cha fiqhi, walitofautisha mkuki na fimbo kama walivyotofautisha wanazuoni wetu miaka mingi kabla yao.

Kuna na jambo la hasira. Kifungu cha 207 kinasema mtu aliyechokozwa ghafla akaua hapo hapo, kabla damu haijapoa, kosa lake linahesabika kuwa kuua bila kukusudia. Lakini ukitoka mferejini, ukaenda nyumbani kuchukua panga na kurudi, zile hatua za kwenda na kurudi zitahesabiwa mbele ya jaji.

Wakenya wengi walijifunza tofauti hii kupitia kesi ya Thomas Cholmondeley, mzungu wa ukoo wa Delamere. Mwezi Mei 2006 alimpiga risasi Robert Njoya katika shamba la Soysambu. Alishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Utetezi wake ulikuwa kwamba alilenga mbwa wa wawindaji haramu. Mwezi Mei 2009 Jaji Muga Apondi aliamua kwamba dhamira mbaya haikuthibitishwa, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumpa kifungo cha miezi minane, baada ya kukaa rumande karibu miaka mitatu. Watu walikasirika, wakauliza kama mwana wa maskini angepata miezi minane. Swali lile lilikuwa na uzito wake. Lakini angalia umbali uliopo: shtaka lilianza na kamba, likaishia kwenye miezi minane, na daraja kati ya hayo mawili ni nia.

KWA NINI ISIOLO TUNAKIMBILIA WAZEE?

Sisi watu wa Isiolo tuna sababu zetu za kutoiamini sana korti. Mkoloni alikuwa na sheria ya adhabu ya pamoja ya mwaka 1909: mmoja akikosa, mifugo ya ukoo mzima inachukuliwa. Mwaka 1934 kaskazini ikawekewa sheria maalum za kutawala wafugaji. Mtu mmoja mmoja na nia yake hakuonekana, kilichoonekana ni kabila.

Kisha yakaja ya mwaka 1963. Mwezi Juni mwaka ule Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dido, walipokuwa safarini upande wa Modogashe. Hayo yalikuwa mauaji ya kukusudia, hayahitaji mjadala. Mtaa wa Wabera katikati ya Nairobi umepewa jina lake. Vita vya shifta vilivyofuata viliendelea mpaka mwaka 1967, na wazee wetu wanazijua kambi za Garba Tulla na Merti, na mifugo iliyopigwa risasi. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda wakati ule katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Aliyeuliwa baba yake hakupata pa kuuliza kama ilikuwa makusudi au makosa.

Ndiyo maana mabaraza ya wazee yalibaki na nguvu. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa Garissa, Wajir, Isiolo na majirani walifanya makubaliano ya Modogashe, yakapitiwa tena mwaka 2005. Waliafikiana mambo ya malisho, maji, silaha, na diya ya mifugo 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Makubaliano yale yalisaidia kuzuia damu ya mmoja isiwe damu ya ishirini. Tuwaombee wazee wetu kheri kwa hilo.

JE, NGAMIA WANAFUNGA FAILI?

Sasa turudi kwa mama mlangoni. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, inampa Kadhi mamlaka ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu binafsi. Kesi ya kuua haimo. Kesi ya kuua kwa kukusudia inasikizwa na Mahakama Kuu peke yake, na juu ya faili haliandikwi jina la familia ya marehemu, linaandikwa jina la Jamhuri. Jamhuri haikupokea ng'ombe hata mmoja.

Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 159, inahimiza upatanishi na njia za jadi, mradi zisivunje haki za binadamu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilipata kesi ya mauaji yaliyotokea Eastleigh mwaka 2011. Familia mbili za Kiislamu zilikuwa zimeshapatana, ngamia na mbuzi wamelipwa. Upande wa mashtaka uliomba kuondoa kesi, na jaji akakubali. Habari ikaenea upesi, watu wakasema: basi sasa diya imetambuliwa. Mwaka 2016, katika kesi nyingine, jaji mwingine akakataa ombi kama hilo. Kwa hiyo asije mtu kukudanganya kwamba ukishalipa umeachiliwa. Huenda, na huenda isiwe.

Njia iliyo wazi zaidi ni ile iliyowekwa na sheria tangu mwaka 2008: mshtakiwa na upande wa mashtaka wanaweza kuafikiana, kosa la kukusudia likapunguzwa kuwa bila kukusudia, na jaji akaombwa kuzingatia mapatano ya familia. Nayo familia ya marehemu imepewa sauti na sheria ya mwaka 2014 ya kuwalinda waathiriwa: inaweza kueleza mbele ya jaji namna ilivyoumia, na pia kama imesamehe.

TUMEPOTEZA SWALI

Ndugu zangu katika imani, lengo langu si kusema korti ni bora kuliko wazee. Ninachosema ni hiki: sheria zote mbili, ya Mwenyezi Mungu na ya Jamhuri, zinaanza na swali la nia. Sisi katika mabaraza yetu mara nyingi tunaanza na idadi ya mifugo. Kiwango ni kile kile, aliyeotea njiani na bunduki na aliyerusha fimbo kwa hasira. Na anayelipa ni ukoo ule ule.

Hapo tumekwenda kinyume na fiqhi tunayodai kuifuata. Ukoo uliamriwa kumsaidia aliyekosea, si aliyekusudia. Aliyekusudia diya ni juu yake mwenyewe. Tukimlipia muuaji wa makusudi ng'ombe wa wajomba na wa ami zake, na yeye akarudi kuchunga kama kawaida, tumemfundisha nini mdogo wake? Tumemfundisha kwamba kuua ni gharama ya ukoo. Na Mtume (S.A.W.) katika Hijja ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, alipofuta visasi vya damu vya zama za ujahiliya, alianza na damu ya ukoo wake mwenyewe. Hakuanza na ya majirani.

Basi tufanye nini?

Wazee wetu, kabla ya kuhesabu mifugo, ulizeni: ilikuwaje, kwa silaha gani, kulikuwa na uadui kabla? Andikeni majibu, na mashahidi watie sahihi. Karatasi hiyo huenda ikamsaidia jaji siku moja.

Familia zetu, diya isiwe bei ya kunyamaza. Suratul Baqarah aya ya 283 imekataza kuficha ushahidi, na aliyeuficha moyo wake umeingia dhambini.

Vijana wenzangu, likitokea la kutokea, usikimbilie msituni. Mpeleke aliyeumia hospitali, kisha nenda kituoni pamoja na mzee. Kumbuka kile kipimo cha mwaka 1945: unachofanya baada ya tendo nacho kinaangaliwa. Aliyembeba mwenzake na aliyemwacha afe mferejini hawatazamwi kwa jicho moja.

Na kabla ya yote hayo, fimbo ibaki chini. Mfungaji ameelekezwa kwamba akichokozwa aseme, "Mimi nimefunga." Tulisome neno hili mpaka baada ya Idi, hasa siku ya zamu ya maji.

Mama aliyesimama mlangoni tumjibu kwa upole: Mama, ng'ombe wamekwenda kwa waliofiwa, na hiyo ni haki yao. Jamhuri inauliza alichokusudia mwanao. Na hata korti ikimwachilia, ikiwa wewe unajua ukweli, mkumbushe ile miezi miwili.

Allah atulinde na damu za wenzetu, awarehemu waliotangulia, na atukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.